Kukloni mti wa babu: miezi minane ya chupa, ukungu na stima kupotea

Niliahidi nitaandika kila wiki kuhusu hii kazi ya kukloni, yani kupata miche iliyo mti ule ule wa babu, na sikuandika, nisameheni, kwa hiyo naweka yote kwa pamoja kutoka kwa daftari langu ambalo saa hii linanuka Jik.

Kwanza mti wenyewe. Uko uani kwa bibi hapa Malindi, sio mbali na nguzo ya Vasco da Gama, na upepo wa bahari unaupiga mwaka mzima. Marehemu babu alikua mtunza bustani hotelini, akapewa mche ukiwa kwa mkebe wa rangi akaja nao nyumbani kwa baiskeli. Mtaa mzima wanauita mti wa krismasi, bibi hilo jina halitaki kabisa, yeye anasema "mti wa babu yenu" basi. Kitaalamu ni Araucaria heterophylla, jamii ya miti ya koni kama misonobari, na kwao ni kisiwa cha Norfolk huko Pasifiki kati ya Australia, New Zealand na New Caledonia, ndio manake chumvi ya bahari haiusumbui. Nahodha Mwingereza James Cook alipofika huko 1774 akaiona imenyooka akadhani amepata milingoti ya meli, kumbe mbao zake hazina hiyo nguvu. Nilimhadithia fundi mmoja wa majahazi akacheka mpaka akaweka tezo chini, akasema "si angekuja kuniuliza mimi."

Na sio mvinje jamani. Kila mtu akiona picha ananiambia mbona hiyo imejaa ufuoni. Mvinje ni mti wa maua, hata sio ndugu. Zile sindano zake ni vijiti vyenye pingili, majani yenyewe ni magamba madogo ambayo mpaka ukodoe macho ndio uyaone.

Sasa kwa nini nisikate tawi nikapanda, si ndio? Nilifanya hivo mwaka juzi. Nikakata tawi la ubavuni, nikalifunika na karatasi ya nailoni, likakaa miezi na miezi hatimae likatoa mizizi, nikafurahi nikawatumia watu picha. Likaanza kukua likiwa limelala. Nikalifunga kwa kijiti, likaenda na kijiti mpaka mwisho wa kijiti likalala tena. Mpaka leo lipo kwa ndoo pale kando ya kisima kama fagio lililoangushwa. Hii miti iko hivo, tawi la ubavuni linajijua ni la ubavuni hata ukilipa mizizi yake lenyewe, halitasimama. Kinachosimama ni kile kilele cha juu pekee, na kilele mti unacho kimoja. Ukikichukua umeuharibu mti ili upate mche mmoja.

Mbegu pia hakuna. Mti uko peke yake na hatujawahi kuokota koni yenye mbegu ya maana chini yake, na hata ingekuwepo mbegu inachanganya damu, isingekua mti ule ule.

Halafu mwaka jana wakaja watu wa kukata matawi chini ya waya, hawakubisha hodi, wakapanda wakakata kilele. Bibi alilia. Mimi mwenyewe sikuongea siku mbili. Lakini baada ya wiki kadhaa chini ya pale palipokatwa, kwenye shina lenyewe sio kwenye matawi, kukatokea vichipukizi vitano vimesimama wima kama vidole. Yani ndani ya shina kulikua na macho yamelala siku zote hizo, na hayo macho ni ya juu, sio ya ubavuni. Pale ndio nikasema hapa sasa kuna kazi ya tishu kalcha, yani kukuza kipande cha mmea ndani ya chupa safi yenye chakula chake, manake chipukizi kimoja ukikipandia kwa chupa kinaweza kukupa vingine na vingine.

Migomba ya tishu kila mkulima Kenya anaijua, nikadhani ni hivo hivo tu. Sio hivo. Mgomba ni mpole, ukiupa sukari na homoni unazaa kama kuku. Miti ya koni ina kiburi. Wenzetu wanaokloni misonobari kwa mamilioni hawaanzi na mti mzima, wanaanza na kiinitete ndani ya mbegu changa, walifaulu na spruce ya Ulaya, nayo ni mti wa koni, mwaka 1985, na wanaigandisha ile tishu ndani ya naitrojeni iliyopozwa ikawa maji kwenye digrii 196 chini ya sifuri ili isizeeke huku miche yake ikijaribiwa shambani miaka na miaka. Mti ukishazeeka tishu yake inagoma, isipokua wachache kama ile redwood ya California ambayo hata ukiikata inachipua kisikini. Kwa hiyo mimi na mti wa babu tulikua tunaanza na mguu mbovu tayari.

Januari. Stoo ya bibi nikaitoa mikeka na magunia, nikapaka chokaa. Vyombo: chupa za jemu 30, sufuria ya presha (hiyo ikifika shinikizo la pauni 15 ndani ni digrii 121, dakika 20 inaua kila kitu), kasha la plastiki la kuona ndani nililotoboa matundu mawili ya mikono, visu vya upasuaji vya duka la dawa, spiriti. Chakula cha mmea ni unga wa chumvi za MS, ile hesabu ya wanasayansi Murashige na Skoog ya 1962 waliyoitengenezea tumbaku, ulitoka Nairobi kwa basi. Nikatumia nusu, gramu 2.2 kwa lita, sukari gramu 30, agari gramu 7. Agari ndio inayogandisha, ni ile ile shangazi anayotilia faluda, akanipa pakiti mbili akanionya nisije nikamrudishia na dawa.

Homoni ndio ilinitoa jasho. BAP, ile homoni ya kuchipusha, unahitaji miligramu moja kwa lita, nani ana mizani hiyo? Nikaenda kwa sonara. Mizani yake haisomi chini ya miligramu 10, kwa hiyo tukapima 100 tukayeyusha na matone ya soda kali halafu maji mpaka mililita 100, sasa kila mililita moja ina miligramu moja na unavuta kwa sindano tu. Sonara akaniuliza hii poda inauzwa bei gani kwa gramu, nilipomwambia akanyamaza.

Februari, chupa za kwanza hazikuganda. Zote 30 maji maji kama uji wa mgonjwa. Kipimo cha asidi (pH) kinatakiwa kiwe kwenye 5.8 na mimi nilikua napima na matone ya dimbwi la kuogelea niliyopewa na rafiki yangu wa hotelini, kumbe yale yanaanza 6.8, chini ya hapo rangi ni ile ile, kwa hiyo nikawa naongeza siki tu naongeza siki. Agari ukiipika kwenye asidi kali inakatika haishiki. Nikaagiza karatasi za kupimia, kwisha maneno.

Machi 9, vipande vya kwanza. Sabuni, maji ya mfereji nusu saa, spiriti nukta 30, Jik iliyopunguzwa dakika 15, suuza mara tatu na maji yaliyochemshwa kwa presha. Chupa 24. Siku ya nne 19 zina ukungu, mweusi, mweupe, na mmoja wa rangi ya waridi mzuri kweli nikaupiga picha. Tatu zikawa kahawia. Mbili safi. Siku hiyo hiyo spiriti ikashika moto ndani ya kasha, nywele za mkono wa kulia zikaenda zote, tangu hapo natoa chupa ya spiriti nje kabla sijawasha taa, nawe ufanye hivo.

Aprili, sisimizi. Nilikua nashangaa chupa safi ya wiki tatu inaingiaje ukungu, kumbe wananusa sukari wanapita kwenye kifuniko wakibeba uchafu miguuni. Bibi akanitazama kama mjinga, "mjukuu wangu, kabati la chakula huliwekaje?" Miguu ya meza ikaingia kwenye mikebe ya maji. Hawakurudi.

Ukungu wenyewe nikaupunguza kwa kuacha kukimbilia Jik kali. Nilivifunika vichipukizi juu ya mti visinyeshewe, nikavipulizia dawa ya ukungu wiki mbili kabla ya kukata, na nikakata asubuhi ya jua. Masika ilikua imeanza, siku za mvua sikugusa. Duru ya pili chupa 20, safi 11.

Kahawia ndio tatizo lililobaki. Huu mti ukiukata unatoa utomvu mweupe wa kunata unaoziba kidonda, halafu maji yake yanachafua agari na kipande kinajiua kwa sumu yake mwenyewe. Navilowesha kwenye vitamini C, natia mkaa wa dawa kidogo kwenye agari (chupa zinakua nyeusi kama kahawa, huoni kitu), na siku kumi za kwanza nahamisha kila siku mbili. Kazi ya kuchosha jamani, na stima ikipotea usiku nahamisha kwa tochi.

Juni. Chupa tano hai, na kwenye makwapa ya majani vinatokea vijicho vya kijani. Nilikaa nikisubiri nione vitalala au vitasimama, usingizi sikuupata vizuri. Vimesimama! Vyote vya kwenye shina. Kimoja nilichokua nimekichanganya kwa makusudi, cha tawi la ubavuni, nacho kimechipua, na kimelala ndani ya chupa vile vile, kimegusa kioo. Homoni ile ile, sukari ile ile, taa ile ile.

Agosti, leo. Nina vichipukizi 14 vya kusimama. Kuzidisha kunaenda polepole, viwili au vitatu kwa kimoja kila miezi miwili, hakuna haraka. Mizizi ndio bado. Ijumaa iliyopita baada ya swala nilichovya sita kwenye IBA, homoni ya mizizi, nikavihamishia agari isiyo na BAP, sukari nusu. Viwili vimeshakua njano. Bibi anauliza kila asubuhi "umeshapanda?" namjibu bado bibi, anasema babu yenu alipanda kwa mkebe wa rangi tu.

Chupa nambari 17 ina uvimbe chini ya shina, kama punje ya mtama. Inaweza kua mzizi, inaweza kua donge tu. Sijaifungua.