Sauti iliyo katikati

Skuli zimefungwa, kipupwe kimeingia, na mimi tangu asubuhi nafundisha piano hapa nyumbani Mji Mkongwe.

Hewa ya chumvi haina huruma na piano. Kuna kibao kimoja kikibonyezwa hakirudi, nakiinua kwa ukucha.

Mwanafunzi wangu wa mwisho leo ana miaka 9. Babu yake hupiga fidla kwenye taarab. Nikampa zoezi la mkono wa kulia, hakulipiga. Akabonyeza kibao cheupe, kisha cheusi cha jirani, akarudi cheupe. Tena. Na tena.

“Mwalimu, sauti ya babu mbona haimo? Iko hapa.”

Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya ule ufa mwembamba baina ya vibao viwili.

Wallahi nilinyamaza.

Mtoto kasema kweli. Piano ina vibao 88, lakini kila oktava, yaani kutoka sauti moja hadi inapojirudia juu zaidi, ni sauti 12 tu. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu zinazotumika kwenye taarab, kama rasti na bayati, zina sauti zinazokaa kati ya hizo. Kwenye fidla kidole kinateleza kikaipata. Kwenye piano hakuna pa kuteleza. Mimi tofauti hiyo nilichukua miaka kuisikia!

Ikaadhiniwa alasiri, tukafunga kifuniko. Nimemwambia Jumamosi amuombe babu aje na fidla yake.

Bado nakiona kile kidole.

Nyie mliokulia na taarab nyumbani, sikio lenu lilianza kuzitambua sauti hizi mkiwa na umri gani? Niambieni.