Mgonjwa wa mapafu muulize analalaje, halafu mwache atembee

Mama yangu hajagusa sigara maisha yake yote ila mapafu yameharibika, hospitali wanaiita COPD, yaani ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa, na chanzo hakihitaji mpelelezi: miaka na miaka ya kuchoma maandazi ya biashara kwa kuni ndani ya jiko la bati lisilo na dirisha, na kabla ya hapo aliugua TB ujanani akapona lakini TB ikipona inaweza kuacha makovu kwenye mapafu. Nalisema hili mapema sababu mtu akisikia COPD anawaza wavuta sigara wa Ulaya, wakati WHO wanasema mwaka 2021 ugonjwa huu uliua watu kama milioni 3.5 duniani, na kwa wale wanaokufa hawajafika miaka 70 karibu asilimia 90 wanatoka nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu.

Kukosa pumzi kwenye kilima kila mtu anakuona. Usiku ndo hausemwi. Ukilala kupumua kunapungua kidogo, mtu mzima wa afya hata hashtuki, ila kuna ile hatua ya usingizi wa ndoto ambapo misuli ya mbavuni na shingoni inalegea na kazi inabaki kwa kiwambo peke yake, ule msuli ulio chini ya mapafu unaovuta hewa, sasa kwa mgonjwa wa COPD hewa imenasa mapafuni, mapafu yamevimba yamekisukuma kiwambo chini kimekuwa bapa, hakina nguvu ya kuvuta. Oksijeni inashuka, mtu anashtuka, anakaa kitandani miguu chini, anakohoa, anajiegesha tena kwenye mito. Ikifika saa kumi alfajiri njia za hewa ndo zinabana zaidi, hapo usingizi umekwisha. Halafu asubuhi unamuuliza mama umelalaje anakujibu salama, na atakujibu salama hata kama hajapata lepe, maana ile ni salamu. Muulize vingine: umeamka mara ngapi? Umeamka kichwa kinauma? Kichwa kuuma asubuhi kwa watu hawa kinaweza kuwa dalili kwamba hewa chafu ya mapafuni, kaboni dioksidi, haikutoka vizuri usiku, hiyo ni ya kumwambia daktari.

Mtu aliyekesha hivyo mchana atafanya nini, anakaa. Na sisi wote tunamsaidia kukaa! Jirani akija, mama usinyanyuke, wajukuu wanamletea kila kitu hadi rimoti, kwa upendo kabisa. Lakini misuli ya mapaja isiyotumika inanyong'onyea, ikinyong'onyea inachoka haraka na kila hatua inadai hewa nyingi kuliko zamani, hivyo anahema zaidi kwa kazi ileile, anaogopa, anakaa zaidi, anasinzia kwenye kiti, usiku usingizi wa mang'amung'amu tena. Mwaka 2017 ulitoka utafiti wa wagonjwa wa COPD zaidi ya 900 waliovalishwa vifaa vya kupima usingizi na mwendo, waliolala vipande vipande ndo walikuwa wanajongea kidogo siku inayofuata. Kwa hiyo mie siamini kabisa kwamba usingizi na mazoezi ni mada mbili.

Kilichonifungua macho ni fiziotherapia. Dada mmoja mpole alimtembeza mama kwenye korido ya mita 30, kwenda na kurudi dakika 6, kakifaa kamebana kidoleni kanasoma oksijeni, na mama aliruhusiwa kusimama akichoka ila saa haisimami. Baadaye akaletewa kiti cha mbao, akaambiwa asimame na kukaa bila kushika popote, na kila akinyanyuka atoe pumzi polepole midomo ameibana kama anapuliza chai, maana ukiitoa hivyo njia za hewa haziwahi kujifunga na ile iliyonasa inapata upenyo. Mama akasimama, akakaa, akasimama, jasho linamtoka, nikataka kusema basi inatosha, yule dada akanitazama tu.

Na sio mambo ya Ulaya haya, pale hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, walishaendesha mazoezi ya wiki 6 kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya TB, mara mbili kwa wiki, na watu wakatoka wanatembea zaidi ya walivyoingia.

Nyumbani sasa anavuta inhela kwanza ndo anaenda dukani mwenyewe, katikati kuna benchi anapumzika. Usiku bado anaamka, mapafu yaliyoharibika hayarudi, ila jioni anachoka uchovu wa kutembea na kile kisinzio cha mchana kimepungua sana.

Tafadhali sana usimnunulie mgonjwa wa namna hii dawa za usingizi kiholela, hizi za kundi la diazepamu zinaweza kupunguza msukumo wa kupumua wakati tayari hewa ni ya kubangaiza. Na akikoroma kwa nguvu huku pumzi inakatika kabisa halafu anashtuka, anaweza kuwa na tatizo la pili juu ya COPD, lina vipimo vyake na matibabu yake.

Wasomaji wa mikoani, kama hospitali iliyo karibu nanyi inatoa mazoezi ya mapafu naomba muandike hapo chini ni ipi na siku gani, watu wengi wananiuliza na mimi najua hii ya kwetu tu.