Kwani Huku Mungu Hayuko?

Bi Mkubwa wa ghorofa ya chini aliniuliza swali hilo mwaka 2021. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye anatunga asumini, mimi nimemshikia sahani ya maua. Nilikuwa nimemwambia nataka kuhamia Vrindavan. Hakupajua, nikamweleza: India ya kaskazini, ukingoni mwa mto Yamuna, jirani na Mathura, kama kilomita 150 kutoka Delhi. Hakuuliza nauli wala nitakula nini. Alilamba ncha ya uzi, akautia sindanoni, akasema, "Wenda kote huko kumuomba Mungu, mwanangu. Kwani huku hayuko?"

Sikuwa na jibu. Niliondoka Februari 2022 bila kumjibu, na sasa nimerudi Mombasa kwa wiki sita kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Swali nimelikuta palepale barazani.

Mimi ni mtoto wa Makadara. Babu yangu alitoka Mandvi, bandari ya Kutch, akaja na jahazi la kaskazi kama wengi wa zama zake. Baba alizaliwa hapa, nami nimezaliwa hapa, na Kiswahili ndicho nilichojifunzia kuhesabu pesa dukani. Nyumbani Kikutchi, kwingine kote lugha hii. Mume wangu alifariki 2017, na duka letu la vitambaa analiendesha mwanangu. Kwetu Wahindu, mtu akishalea na wajukuu wakaanza kuzaliwa, kuna hatua ya maisha iitwayo vanaprastha, yaani kwenda msituni. Anawaachia watoto funguo, anageukia ibada. Siku hizi haendi mtu msituni hasa. Lakini jina Vrindavan lenyewe maana yake ni msitu wa vrinda, na vrinda ndio mmea wa tulsi, ndugu yake rihani yetu. Ukivunja jani lake unasikia harufu ya rihani iliyotiwa karafuu.

Mara ya kwanza nilikwenda 2019, mwezi wa Kartik, unaoangukia Oktoba na Novemba, wakati kila jioni watu huwasha vitaa vya samli mbele ya sanamu ya Krishna, Mungu tunayemwabudu. Waumini tunaamini hapo ndipo alipokulia, akichunga ng'ombe na kupiga zumari. Nilikaa siku kumi. Siku ya mwisho nilisimama ndani ya hekalu la Banke Bihari, tumebanana kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi. Humo hawapigi kengele. Pazia mbele ya Krishna hufungwa na kufunguliwa kila baada ya muda mfupi, kwa imani kwamba mja akimtazama mno kwa mapenzi, Bwana atatoka amfuate. Pazia likafunguka, mwanamke aliyekuwa mbele yangu akainua mikono akaita kwa sauti, na kabla sijamaliza kuyaona yale macho makubwa likafungwa. Nilipanda treni ya kurudi nimeishika kiu ile. Haikuniacha Mombasa, si dukani, si harusini, si kwenye mikutano ya jumuiya.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi. Mwenye asili ya India anaweza kuomba kadi ya OCI, ambayo inamruhusu kuingia na kukaa bila viza, ingawa hapigi kura wala hanunui shamba. Mimi ninayo. Chumba cha kwanza nilichokodi kilinitoa machozi: mwenyewe alichukua kodi ya mwaka mzima mbele, na maji yakawa yanatoka siku moja kwa wiki. Pesa sikurudishiwa. Nilihama baada ya miezi miwili, na mtu akiniuliza leo, namwambia asilipe kitu kabla hajafungua mabomba yote.

Naamka saa tisa na nusu usiku. Naoga maji ya ndoo, natoka na shali, na saa kumi na nusu niko hekaluni kwa arati ya kwanza, kuwazungushia taa Krishna na Radha, mpenzi wake. Kisha nakaa na tasbihi yangu. Ina punje 108, zimechongwa kwa mti wa tulsi, nayo hukaa ndani ya mfuko unaoning'inia shingoni, kidole cha shahada kikiwa nje maana hakigusi punje. Jina la Mungu kwa kila punje, mizunguko 16. Ukipiga hesabu ni mara 1,728, na huchukua kama saa mbili. Wapwani wana neno zuri la jambo hili, uradi, na ndilo nalitumia nikimweleza mtu wa huku. Uradi nimeupenda tangu utotoni kabla sijajua wangu ni upi, kwa sababu kila alfajiri nilikuwa nikisikia adhana, na taa ya Bi Mkubwa ikiwaka chini yetu, na yeye akisoma kwa sauti ya chini mpaka kuche. Kwa kuamka alfajiri, mwalimu wangu ni yeye.

Baada ya hapo nakwenda kutunga maua.

Hapa nataka kutulia kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoanza kuishi kule badala ya kutembelea. Kuna ukumbi mdogo wanawake wanapokaa chini, kila mmoja na ungo wa maua ya manjano na ya rangi ya machungwa yaitwayo genda, na rundo la tulsi. Wengi wao ni wajane wa Bengali waliovaa sari nyeupe. Siku ya kwanza nilijipa moyo, nikasema kazi hii naijua, Bi Mkubwa alinifundisha nikiwa na miaka saba. Nikachukua uzi, nikaulamba ncha kama alivyokuwa akifanya yeye. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni akanitoa uzi mkononi bila kusema neno, akaukata ile ncha, akanirudishia. Nikatia sindanoni. Nikachukua ua la kwanza, na kabla sijalichoma nikalipeleka puani. Nani wa Mombasa anayeweza kushika ua asilinuse? Safari hii alinishika kifundo cha mkono. Alinieleza kwa Kihindi chake chenye Kibengali ndani: ua la Krishna harufu yake ni ya Krishna kwanza. Ukishalinusa, umeshalitumia. Akaliweka ua lile kando, mbali na ungo.

Wiki nzima mkono wangu ulikuwa ukipanda wenyewe kuelekea usoni, nami nikiushusha. Ni vivyo hivyo na chakula: anayepika haonji chumvi mpaka kiwe kimetolewa kwa Krishna. Nimepika miaka arobaini nikionja. Sasa napima kwa jicho na kwa kumbukumbu, na nikila ile prasadi, yaani chakula kilichokwisha kutolewa, baadaye nikaikuta imepungua chumvi, nakula hivyohivyo.

Yule bibi tumekuwa kama ndugu. Hana wa kumtafuta. Alifiwa na mume akiwa kijana, na shemeji zake ndio waliompandisha treni. Wako wajane waliokuja Vrindavan kwa hiari, kama mimi, wanaotaka kufia kwenye vumbi la Krishna. Na wako waliotupwa. Hili linaniuma na sitalipamba. Wengi wameishi kwa kuimba bhajani, nyimbo za ibada, saa nyingi kwa ajili ya mchele kidogo na sarafu. Mwaka 2012 hata Mahakama ya Juu ya India iliingilia kati kuhusu hali yao, na tangu 2013 wajane wengi wameanza kucheza Holi, kurushiana rangi na maua, jambo ambalo mila ilikuwa ikiwakataza. Nimemwona bibi yule ana rangi ya waridi mpaka kwenye nyusi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Magumu yapo. Yamuna, mto tunaouita mama, unafika kwetu umeshapita Delhi na maji taka yake, na ziko siku ambazo natia vidole vitatu tu ndani ya maji, naomba msamaha, naondoka. Nyani walininyang'anya miwani siku ya Ekadashi, siku yetu ya mfungo, mtoto mmoja akairudisha kwa kumtupia nyani pakiti ya juisi ya maembe. Januari ukungu unashuka na baridi inaingia mpaka mifupani, Juni joto linapita digrii 40, tena kavu, si letu hili la jasho na upepo wa bahari. Siku za Ekadashi hatuli nafaka wala kunde, kwa hiyo nakula sabudana, zile punje nyeupe zinazotengenezwa kwa muhogo, na kila nikizila nauona muhogo wa kukaanga wa Mama Ngina, ndimu na pilipili juu.

Na hujambo ya kule ni "Radhe Radhe". Wa rikisha akitaka umpishe hasemi pita huko, husema "Radhe Radhe". Muuza maziwa akibisha hodi, hivyo hivyo. Wawili wakigombania bei sokoni Loi Bazaar huachana kwa neno hilo.

Jambo hili ndilo lililonipa jibu la Bi Mkubwa. Wiki iliyopita tulikaa tena barazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nilivyokonda, kisha akaanza, "Haya. Ulikuwa hujanambia."

Nikamwambia, "Bi, Mungu yuko miezi yote. Mbona Ramadhani ni nyepesi kwako kufunga kuliko siku nyingine?"

"Kwa sababu wafunga wote," akasema. "Mji mzima wafunga. Hata mvivu aona haya."

"Na Maulidi? Mbona kila mwaka ulikuwa ukipanda basi kwenda Lamu, msikiti wa Riyadha, na hapa yasomwa?"

Akanyamaza kidogo. Nikaendelea: kule nilikohamia ni mji ambao Ramadhani yake haiishi. Hapa Mombasa nilikuwa nikikaa na tasbihi dakika kumi, simu ikalia, mteja akaja, na mimi si mtu wa moyo mgumu wa kushinda yote hayo peke yangu. Kule barabara nzima inaelekea ninakoelekea. Nabebwa.

Bi Mkubwa alitikisa kichwa taratibu. Nilidhani nimemjibu. Kisha akasema, "Ramadhani ina Idi, mwanangu. Watu hula, hurudi kazini, huonana. Wewe Idi yako lini?"

Nimeandika na kufuta mara tatu nikijaribu kumjibu hapa. Mjukuu wangu ana siku kumi na tisa. Ana desturi ya kukunja kidole gumba ndani ya ngumi akilala, na nimejikuta nahesabu siku zilizobaki kabla ya kusafiri, nyingi mno asubuhi wakati wa uradi, chache mno jioni akiwa kifuani kwangu. Tiketi ni ya tarehe 14. Nitakwenda. Nataka kufia kule, na watoto wangu wanajua, na tumelia juu ya jambo hilo, na tumelimaliza.

Jana magharibi ilipokaribia Bi Mkubwa alinipa sindano kwa sababu macho yake hayamsaidii tena. Asumini zilikuwa bado matumba, zinaanza kufunguka. Uzi niliutia bila kuulamba, ikanichukua muda. Nikatunga moja baada ya moja, sahani mapajani, mikono chini. Alikuwa akinitazama.

"Mbona hunusi?" akauliza.

Nikamweleza habari ya bibi wa Bengali na kifundo cha mkono.

"Na hizi ni za nani?"

"Zako, Bi."

Nilifunga fundo, nikampa. Akaziinua kwa mikono miwili mpaka usoni, akafumba macho, na akakaa nazo hivyo mpaka mwadhini akaanza.