Kuruka gia: vile nilijifunza mimi niliyetoka kwenye tuktuk

Kabla sijashika gari nilikua naendesha tuktuk hapa Malindi, miaka minne, na mwenye kuijua tuktuk anajua gia zake ziko mkononi, unabana klachi kwa mkono wa kushoto alafu unazungusha mpini huo huo, moja, mbili, tatu, nne, na kurudi ni vile vile, hakuna kuruka gia, yaani kutoka nne ukajikuta mbili bila kupitia tatu. Kwa hivyo nilipoenda kusomea gari na mwalimu akasema gia hushushwa moja moja kama unateremka ngazi, mimi hata sikuuliza. Nikapata leseni na mtindo huo huo.

Kazi ya kwanza nikapewa na tajiri mmoja wa samaki, Hilux ya zamani ya dizeli, gia tano, dashibodi haina hata mshale wa kuonyesha injini inazunguka kiasi gani, ni masikio yako tu. Tunatoka Ngomeni na makasha ya barafu, changu, tewa, siku nzuri nguru, tunapita Gongoni, Mambrui, daraja la Sabaki, Malindi, na siku nyengine moja kwa moja mpaka Mombasa ambayo kutoka Malindi ni kama kilomita 120. Wiki ya kwanza tajiri akaniwekea mzee aliyekua dereva wake wa zamani akae kando yangu aniangalie.

Sasa matuta ndio yaliniaibisha. Unaijua hii barabara ya Gede kushuka Kilifi, ukipitia Matsangoni, unapata mwendo mzuri kidogo, tuta, unaanza tena, tuta. Mimi nikiliona tuta naanza hesabu yangu, tano klachi nne, achia, nne klachi tatu, achia, tatu klachi mbili, na kila nikiachia klachi gari inasukuma kichwa mbele, makasha nyuma yanateleza yanagonga kebini, maji ya barafu yanamwagika, tanboi anapiga bodi kwa hasira, na wakati nafika mbili tuta tayari liko chini ya bampa. Mzee akavumilia matuta matatu. La nne akaniambia, "Mwanangu, wewe unaendesha gari ama unahesabu mahari?"

Nikamwambia mzee ndivyo nilivyofundishwa. Akasema haya, simama, hamia huku.

Akaendesha yeye. Lilipotokea tuta aliachia mafuta, mguu ukaenda kwa breki taratibu, gari bado iko gia ya tano na yeye hana habari na fimbo ya gia kabisa, mimi nangoja azime. Ile injini inaanza tu kunung'unika ndio akabana klachi, akamalizia na breki, fimbo ikaenda mbili moja kwa moja, akagusa mafuta kidooogo, akaachia klachi, tukapanda tuta kama tunapita juu ya mto wa kulalia. Klachi mara moja. Makasha hayakusogea. Akaniambia breki ndio ya kupunguza mwendo, gia ni ya kuondokea, na gari haina haja ya kujua ulitoka wapi, inataka tu gia inayofaa mwendo ulio nao sasa.

Kumbe hata Uingereza walimu wa udereva husomesha hivyo siku hizi, punguza mwendo kwa breki alafu chagua gia unayoihitaji. Mimi nilidhani ni ujanja wa madereva wa samaki.

Basi nikaanza kujifunza, asubuhi na mapema barabara ikiwa tupu. Tano kwenda tatu, nne kwenda mbili. Nilichogundua haraka ni kwamba kosa langu halikua kuruka, lilikua haraka. Nikitia mbili wakati mwendo bado mkubwa fimbo inakataa, ama inaingia kwa kukwaruza, gari inashtuka. Fundi wetu alinieleza vizuri kuliko mtu yeyote, akatoa ringi ya shaba kutoka kwa gia boksi iliyofunguliwa akanionyesha meno yake yalivyolika. Akasema hii ringi kazi yake ni kusugua ile gia mpaka zizunguke sawa ndio meno yaingiane, sasa ukiruka kutoka tano mpaka mbili tofauti ya mizunguko ni kubwa, ringi inafanya kazi zaidi, kwa hivyo ipe nafasi, usilazimishe, shika fimbo kama umeshika yai na ikikataa jua mwendo haujashuka. Na gia moja usiitie gari ikiwa inatembea, ingoje isimame ama ikaribie kusimama. Nikaona mantiki.

Alafu ikaja siku ya Sabaki na hii naieleza kwa aibu. Tunatoka Malindi tunaelekea Ngomeni, gari tupu, nishaanza kujiona dereva. Ule mteremko wa kuingia darajani nilikua kama themanini hivi, nikataka nitoke tano nitie nne tu ili injini inishikilie kidogo. Nne na mbili zote ziko upande wa chini, zimepakana, na mimi nilikua nimekamata fimbo kwa ngumi nikaisukuma kushoto kwa nguvu alafu nikavuta. Ikaingia mbili. Nikaachia klachi.

Wallahi sauti niliyosikia sijawahi kuisikia tena. Injini ililia kama mbuzi amekanyagwa, pua ya gari ikainama, magurudumu ya nyuma yakapiga kelele kwa lami na mkia ukaanza kutaka kwenda kando, mzee mkono mmoja dashibodi mwengine hewani anapiga kelele "Klachi! Klachi we!" Nikaikanyaga mpaka chini. Kimya. Tukavuka daraja tukiwa frii, hakuna aliyesema neno mpaka ng'ambo.

Fundi alifungua akaangalia mkanda wa taimingi, akaangalia oili, akasikiliza, akasema una bahati uliibana mapema. Akanieleza kwamba kwa kosa kama lile hata uachie mafuta haikusaidii, manake hapo magurudumu ndio yanaizungusha injini, na kutoka tano mpaka mbili kwa mwendo ule ule injini inalazimishwa kuzunguka zaidi ya mara mbili ya ilivyokua. Vavu zinaweza kupinda, mkanda kukatika, injini nzima ikaenda. Tajiri tulimwambia siku hio hio, mzee alikataa kuficha.

Dawa yake ilikua kitu kidogo sana. Ile fimbo ina springi, ukiitoa tano ukaiachia inarudi yenyewe katikati, kwenye njia ya tatu na nne. Kwa hivyo sitoki tano kwa ngumi tena. Naitoa, nafungua kiganja, naiacha ijikalie katikati, alafu ndio nasukuma mbele kwa tatu ama navuta nyuma kwa nne. Mbili ndio naifuata kushoto kwa makusudi, na naifuata nikiwa nishapunguza mwendo kwa breki. Tangu siku hio haijanitokea tena.

Kupanda gia pia naruka, lakini hapo ni kwa kipimo. Gari tupu ama barabara inashuka, natoka mbili naingia nne, hasa pale kuanzia Mambrui ambapo ni tambarare. Ama nikilipita lori nimeivuta tatu mpaka ikalia vizuri, nikirudi upande wangu sina haja na nne, naweka tano nimemaliza. Ila tatu lazima uivute kwanza. Mwanzoni nilikua naruka mapema nikidhani naokoa dizeli, injini ikawa inatetemeka mpaka kioo cha kando hakionyeshi kitu, na ukikanyaga mafuta haivuti, inakohoa tu. Na makasha yakiwa yamejaa ama ni kupanda kutoka Sabaki kuja Malindi siruki hata kidogo, moja moja kama tuktuk, kwa sababu ukibana klachi mlimani na mzigo mwendo unakufa kabla hujafika hio gia.

Mvua nayo ina sheria yake. Ile njia ya vumbi ya kuingia Ngomeni ikilowa na pikapu iko tupu, ukiruka gia kushuka chini ukaachia klachi ghafla magurudumu ya nyuma yanakamata kama umevuta hendibreki, unajikuta unaangalia marundo ya chumvi badala ya barabara. Hapo naachia klachi polepole na mafuta kidogo, ama nashuka moja moja, sioni haya.

Mwezi uliopita mzee alikua na safari ya Mombasa kumuona mjukuu wake nikampa lifti, gari imejaa barafu na samaki. Alikua amejifunga kikoi chake kipya, akaegemea dirisha. Sikumsemesha. Tuko juu ya daraja la Kilifi ndio akafungua macho, akaangalia maji huku na huku, akaniuliza, "Matsangoni tumepita saa ngapi?"