Mirobinia Iliyokufa Ingali Wima

Februari, kusini mashariki mwa Ohio

Tangu wiki iliyopita ardhi imeganda kiasi cha kubeba gari bila kuacha mitaro, nami nimerudi kwenye kazi ninayoipenda kuliko zote za majira ya baridi, yaani kutembea kandokando ya mashamba ya majirani nikiwa na shoka dogo, nikitafuta miti iliyokufa bila kuanguka. Ninaoutafuta hasa ni mti mmoja, ule ambao Wamarekani huuita black locust na wataalamu wa mimea Robinia pseudoacacia. Kwetu nyumbani tunauita mrobinia, na ndivyo nitakavyouita hapa. Ni mti wa asili wa milima ya Appalachia, ingawa binadamu ameusambaza mbali sana na huko, na katika vilima vyetu umeota karibu kila mahali ambapo ardhi iliwahi kuvurugwa kisha ikaachwa. Wanaoniona na mzigo wa kuni hudhani kazi kubwa ni ya msumeno. Mimi naona msumeno huja mwisho. Anayeutambua mti wake kwa mbali, akajua kama umekufa na umekufaje, amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi kabla hajawasha injini.

Si zamani sana tulikuwa hatuhitaji kuchagua. Mbawakawa wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na kuonekana Ohio mwaka uliofuata, aliua miti ya ash kwa mamilioni, na kwa miaka mingi wenye majiko ya kuni katika kaunti hii waliishi kwa mabaki ya miti hiyo. Kuni zake zilikuwa rahisi kupasua na ziliwaka hata kabla hazijakauka sawasawa. Lakini ash ikifa haimsubiri mtu. Matawi yake huanza kukatika bila onyo, na baada ya miaka michache shina nalo halifai. Akiba ile imekwisha. Mrobinia una tabia tofauti kabisa, kwa maana moyo wake wa manjano yenye ukijani una kemikali zinazowazuia kuvu wengi, hata nguzo ya uzio iliyochongwa humo huweza kukaa ardhini kwa miongo kadhaa. Na mti wenyewe ukifa hudondosha magome, hukaushwa na upepo taratibu, na huendelea kusimama mwaka baada ya mwaka bila kupoteza ugumu wake.

Uzito wake ndio joto lake. Kuni zote zilizokauka hutoa joto linalokaribiana kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye jiko dogo anapaswa kutafuta uzito badala ya wingi. Mita moja ya ujazo ya ubao mkavu wa mrobinia ina takriban kilo 770, ilhali msonobari mweupe wa huku hauzidi sana kilo 400. Usiku wa baridi kali tofauti hiyo inaamua kama mtu ataamka saa nane kuongeza kuni au atalala hadi alfajiri.

Wingi wa mirobinia hapa una historia, nayo ni historia ya makaa ya mawe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vilima hivi vilichimbwa kutoka juu, udongo wote ukiondolewa ili kuyafikia makaa. Mtambo mashuhuri kuliko yote, Big Muskie, ulifanya kazi kuanzia 1969 hadi 1991 na ndoo yake ilichota yadi za ujazo 220 kwa mkupuo mmoja. Ndoo hiyo bado imehifadhiwa karibu na McConnelsville, na ukisimama ndani yake unaelewa mara moja kwa nini mabonde ya huku hayana umbo la mabonde ya kawaida. Baada ya uchimbaji kilichobaki kilikuwa mawe na udongo wenye asidi. Mrobinia ni wa jamii ya mikunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni ya hewani, hivyo ulipandwa kwa makusudi ili kushikilia miteremko ambayo miti mingine iliikataa. Mimi nimekulia Njombe, katikati ya miwati, mti wa jamii hiyohiyo ya mikunde unaostahimili udongo dhaifu, unaotoa kuni nzuri na unaosambaa bila kumwomba mtu ruhusa. Labda ndiyo maana sikuchukua muda kuelewana na huu. Ukiukata, mizizi huchipua miche mingi kuzunguka kisiki, kwa hiyo sina hofu kwamba nitaumaliza.

Kwa ubora wa mbao zake, ilikuwa haki mrobinia uwe mti wa bei, na mimi nisingeupata bure. Anayeniachia ni mdudu. Kuna mbawakawa mweusi mwenye michirizi ya manjano, ambaye asiyemjua atamdhania nyigu. Mwishoni mwa kiangazi hula chavua ya goldenrod, yale maua ya manjano yanayofunika mashamba yaliyoachwa, kisha hutaga mayai katika nyufa za magome ya mirobinia iliyo hai. Mabuu yake hukaa chini ya gome majira yote ya baridi, na kukianza kupata joto hutoboa kuingia ndani ya ubao. Kupitia matundu hayo huingia kuvu anayeozesha kiini cha mti, na dalili yake ni uyoga mgumu, mweusi, uliojaa nyufa, ulioshikamana na shina kama kwato la ng'ombe. Mti hupinda, huvunjika kileleni, huchipua tena ubavuni, huvunjika tena. Mwenye kiwanda cha mbao akiutazama hugeuka na kwenda zake. Jiko halijali mti ulionyooka wala uliopinda, na sioni kama ningekuwa na kuni za aina hii lau mdudu huyo asingekuwepo.

Upelelezi wenyewe hauanzi Februari. Huwa naufanya mwaka mzima, mara nyingi nikiwa njiani kwenda kazini. Mei mirobinia hutoa vishada vya maua meupe yanayoning'inia, na harufu yake huingia garini kabla hujauona mti. Nyuki huyapenda mno, na Hungaria, ambako mirobinia ni karibu robo ya misitu yote, asali ya maua hayo ni fahari ya taifa. Lakini mwezi wangu ni Agosti. Wakati huo mbawakawa mwingine, mdogo sana, ambaye mabuu yake huchimba ndani ya jani lenyewe, huwa amekausha majani ya mirobinia hadi mteremko mzima unaonekana umepitiwa na moto. Wapita njia husikitika wakidhani miti inakufa. Haifi, mwakani hurudi na majani mapya. Kwangu rangi ile ya kahawia katikati ya kijani cha miti mingine ni ramani kamili, kwa kuwa inanionyesha mirobinia hai ilipo, na katikati yake mashina ya kijivu yasiyo na jani hata moja ndiyo ninayoyataka. Nasimama kando ya barabara, naandika daftarini shamba ni la nani, mti uko upande gani wa uzio, na kama gari linaweza kufika.

Asiyekuwa na daftari la Agosti hupata taabu majira haya, kwa sababu miti yote iko uchi. Magome husaidia, maana ya mrobinia yana mifereji mirefu iliyosukana. Maganda ya mbegu, mafupi na bapa, huendelea kuning'inia hadi mwisho wa baridi, wakati yale ya honey locust, mti unaochanganywa nao kwa sababu ya jina, ni marefu yaliyojipinda, na miiba yake mikubwa yenye matawi hutoka kwenye shina lenyewe. Penye shaka huwa nakata kipande na kukimulika kwa tochi ya mwanga wa urujuani, nao moyo wa mrobinia hung'aa kwa rangi ya manjano yenye ukijani. Ni mchezo kidogo, sikatai, lakini hufanya kazi.

Kugundua kama mti ni hai ndiko kugumu zaidi. Shemeji yangu, aliyekuja kutoka Columbus kunisaidia kubeba, alisimama mbele ya mmoja akaniuliza, "Shemeji, huu umekufa au umelala?" Swali lake lilikuwa na haki zote. Machipukizi ya mrobinia hujificha chini ya kovu la jani, kwa hiyo kijiti kilicho hai huonekana kitupu kabisa, na mti huu ni miongoni mwa inayochelewa sana kutoa majani, hata mwanzoni mwa Mei mtu anaweza kuuhukumu kabla ya wakati. Nilimwambia akwangue gome la kijiti kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani kibichi. "Basi tumwache mzee alale," alisema, tukasonga mbele. Uliokufa kweli hauna tena vitawi vyembamba vya mwisho, magome yake yamebanduka kwa vipande virefu, na ukiugonga kwa kisogo cha shoka hujibu kwa mlio mkali. Ukijibu kwa sauti nzito ya ngoma, moyo wake umeliwa, na naupita.

Sikati chochote kabla ya kuzungumza na mwenye shamba. Mbali na adabu ya kawaida, sheria ya Ohio inamruhusu aliyekatiwa miti bila idhini kudai fidia ya mara tatu ya hasara. Katika mistari ya zamani ya uzio naogopa zaidi chuma, kwa sababu mirobinia mingi ilitumika kama nguzo hai na imemeza waya na misumari. Hapo nakata juu ya kiwango cha kifua na kuacha kisiki kirefu. Kofia ngumu haitoki kichwani, kwa kuwa mtikiso wa msumeno hutosha kuangusha tawi kavu kutoka juu. Magome nayo siyaachi penye farasi, maana wakiyatafuna huwadhuru vibaya.

Matawi ya juu ya mti uliokufa wima mara nyingi huwa tayari kwa jiko, na kipimo changu cha unyevu, nikikichoma kwenye uso uliopasuliwa muda huohuo, husoma chini ya asilimia 20. Sehemu ya chini, inayonyonya maji ya ardhini, husubiri chini ya paa hadi baridi ijayo. Kuwasha mrobinia peke yake ni kujitafutia moshi. Naanza na vijiti vya msonobari, kisha naweka vipande viwili vya mrobinia juu ya makaa, na sijazi jiko, kwa sababu ukishashika huweza kulipasha chuma kupita kiasi.

Mzee mwenye shamba la juu amenionyesha kona ambayo mirobinia yake ilizeeka pamoja na sasa imekufa karibu yote. Anahitaji nguzo za uzio, nami nahitaji kuni, tukakubaliana upesi kwamba mashina yaliyonyooka, futi saba za chini, ni yake, na kila kilichopinda pamoja na matawi ni changu. Njia ya huko inapita kwenye bonde lenye chemchemi, kwa hiyo lazima tuyatoe yote kabla baridi haijalegea, na utabiri unasema Alhamisi itanyesha mvua. Shemeji amekubali kubaki hadi Jumatano, na usiku huu tunanoa minyororo ya misumeno.