Nilivyompata mpiga picha wa harusi wa kuaminika

Picha 30 nzuri kila mpiga picha anazo. Mtu akishapiga harusi 20, hata kwa kubahatisha atapata moja mbili za kupendeza katika kila harusi, na hizo ndizo anazokuonyesha. Kwa hiyo kila niliyezungumza naye nilimwomba kitu kimoja tu: harusi moja nzima, tangu maandalizi ya bibi harusi hadi wageni wanapotawanyika, kama alivyomkabidhi mteja. Wengine husema ni siri ya wateja, na wana haki. Lakini mwenye kazi nyingi hakosi mteja mmoja aliyeridhia. Asiyekuwa naye nilimwacha.

Ukiipata, ruka picha za bustanini. Mchana kivulini kila kamera inapendeza. Nenda moja kwa moja ukumbini usiku, watu wakicheza. Hapo shata (sehemu ya kamera inayoamua mwanga uingie kwa muda gani) ikikaa wazi zaidi ya 1/125 ya sekunde bila flashi, mikono na nyuso huacha mkia. Aliyeelekeza flashi usoni moja kwa moja utamjua: paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta, nyuma yake giza tupu. Anayejua kazi huirusha flashi kwenye dari au ukuta mweupe ili mwanga urudi laini. Angalia pia mistari iliyolala kwenye picha zenye taa za LED. Taa hizo huwaka na kuzima kwa kasi jicho lisivyoona, na shata ya kielektroniki husoma picha mstari kwa mstari, hivyo mistari mingine hutoka na giza. Mara nyingi kuhamia shata ya kimakanika, yenye pazia halisi ndani ya kamera, kunatosha. Mtu aliyekabidhi ukumbi mzima wenye mistari hakukagua kamera yake hata mara moja usiku ule.

Kisha tafuta uso mweusi karibu na shela jeupe, uivute picha iwe kubwa. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, weupe mwingi huidanganya, inapunguza mwanga na ngozi inakuwa ya kijivu. Mpiga picha akiongeza mwanga kupita kiasi, shela linageuka karatasi tupu, na nyuzi zilizopotea hivyo hakuna uhariri utakaozirudisha. Nilitaka kuona vyote viwili: nyuzi za shela na rangi halisi ya shavu.

Baada ya hapo ndipo nikauliza maswali. Kamera mbili ni lazima, moja inaweza kufa katikati ya viapo. Kila kamera iwe na nafasi mbili za kadi za kuhifadhia picha, na uulize zimepangwaje. Wengi huiweka kadi ya pili ianze kupokea picha pale tu kadi ya kwanza inapojaa, na huo si usalama hata kidogo. Kadi zote mbili ziandike picha ileile kwa wakati mmoja, na zisifutwe mpaka kuwe na nakala tatu, moja ikihifadhiwa nje ya nyumba yake.

Swali linalosahaulika ni nani hasa atakuja. Unaweza kupatana na bosi, siku ya harusi akaja mwanafunzi wake. Jina liandikwe kwenye mkataba, pamoja na jina la atakayemshikia nafasi akiugua. Mengine ya mkataba ni saa ya kuanza na kumaliza, gharama ya saa ya ziada, idadi ya chini ya picha zilizohaririwa, na tarehe ya kukabidhi. “Haraka iwezekanavyo” si tarehe. Malipo niliyagawa mara tatu, ya mwisho nikaitoa baada ya kupokea picha.

Niliyemchagua hakuwa mwenye picha kali kuliko wote. Yeye ndiye aliyeuliza jua linazama saa ngapi na kutoka kwenye ndoa hadi ukumbini ni dakika ngapi, kisha akataka orodha ya makundi ya familia. Kila kundi alilihesabia dakika 3. Makundi yetu 14 yalikuwa dakika 42, na ratiba ilikuwa na 20 tu. Tulibaki na makundi 6, tukateua shangazi mmoja anayewajua ndugu wa pande zote ili awe anawaita kwa majina.