Yutrikularia Dar es Salaam: maji na mchanga kwanza

Ushauri unaonichosha kuliko wote ni huu: "Tia samadi kidogo, au vipande vya nyama, si unakula wadudu?" Yutrikularia, mmea mdogo unaonasa vidudu, haina mizizi wala mdomo wa kudaka nzi. Ina vifuko vidogo. Vya aina nilizo nazo havizidi milimita mbili hivi. Kidudu kikigusa vinyweleo vya mlangoni, kifuko hufunguka na kukifyonza pamoja na maji kabla hata sehemu ya elfu ya sekunde haijaisha. Mmea unajitafutia wenyewe. Samadi huuua, nyama huoza tu.

Ninazo mbili: U. livida ya udongoni na U. gibba inayoelea (U. ni kifupi cha Utricularia, jina lake la kisayansi). Zote huota porini Afrika Mashariki.

Maji yangu ni ya mvua. Mvua ya mwanzo naiacha ioshe bati, kisha nakinga kwa ndoo za plastiki. Tangi la saruji silitumii, linatoa chokaa. Maji ya kisima huku pwani mara nyingi yana chumvi. Nunua kile kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) cha mfano wa kalamu, bei yake haitishi. Kisome chini ya 50. Kiangazi natumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, nikishayapima.

Sasa mchanga, na hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mchanga wa pwani umejaa vipande vya matumbawe na makombe, yaani chokaa tupu, hata kama muuzaji anaapa ni wa mtoni. Usibishane naye. Tia vijiko viwili kwenye bilauri, mwagia siki nyeupe, usogeze sikio. Ukisikia mchachariko na kuona vipovu vinapanda, huo ni wa kujengea. Vipovu vichache navyo ni vibaya, kwa sababu mmea huu unataka uchachu na chokaa inaumaliza polepole. Mchanga ulionyamaza kimya ndio wangu. Nausuuza mpaka maji yatoke maangavu, nauchanganya nusu kwa nusu na piti, yaani mabaki ya mimea ya vinamasi. Soma gunia la piti: nyingine zimeshatiwa mbolea. Ukiikosa, unga wa makumbi ya nazi unafaa, ila loweka usiku kucha, kamua, rudia hadi maji ya kukamulia yasome kwenye kipimo karibu sawa na uliyotilia.

Chungu cha plastiki chenye matundu kikae kwenye sinia la maji ya sentimita 2, kipate jua la asubuhi.

Kuzidisha livida: kata kwa kijiko donge la sentimita 2 pamoja na udongo wake. Usichambue nyuzi za mmea, zitakatika. Lizamishe kwenye chungu kipya lilingane na uso wa udongo, likichomoza, linakauka.

Gibba naiweka kwenye beseni lenye piti kidogo chini na maji ya sentimita 10 hadi 15. Adui wake ni mwani, zile nyuzi za kijani zinazoteleza, na zikishaingia usihangaike kuzichambua moja moja. Kata ncha safi za sentimita 5, zisuuze, zihamishie kwenye maji mapya. Kila ncha itakuwa mmea. Viroboto vya maji vya dimbwini, vile vidudu vidogo vinavyorukaruka majini, ni chakula kizuri. Viluwiluwi vikubwa vya mbu haviingii kifukoni, kwa hiyo funika beseni kwa kipande cha chandarua.